Makopo Kumi na Mawili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mvua za masika zimeanza leo alasiri. Mwanangu alivuka daraja asubuhi kurudi kambini, ng'ambo ya mto, anakosimamia ujenzi wa barabara. Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa stoo mbele ya mkewe. "Baba," alisema, "mwaka jana daraja lilikatika miezi mitatu na chakula kikatuishia njiani. Mwaka huu gawa wewe." Nikaupokea. Nilifundisha sarufi na hesabu miaka thelathini na minane; kugawa si kazi ya kunitoa jasho.

Tumo wanne nyumbani: mimi, mkaza mwanangu, mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja tunayemwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo, na mdogo wake aliyezaliwa tarehe mosi Februari. Nimepima kila kitu: unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, sabuni, mishumaa. Nimechora jedwali na kulibandika nyuma ya mlango wa stoo.

Mtoto hanyonyi. Mama yake alitunga jipu la titi wiki mbili baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Muuguzi wa zahanati akaagiza maziwa ya kopo, na mwanangu ameacha makopo kumi na mawili. Maandishi ya kopo ni madogo kama sisimizi, lakini nimeyasoma: mtoto wa mwezi mmoja hupewa vipimo vitatu vya maji, kwa mistari iliyochorwa kwenye chupa, na vijiko vitatu vya unga wa maziwa, mara sita kwa siku. Kopo lina vijiko mia na themanini.

Kanuni ni ile niliyoifundisha tangu ujana: tafuta cha moja kwanza. Chupa moja, vijiko vitatu. Siku moja, vijiko kumi na vinane. Kopo moja, siku kumi. Makopo kumi na mawili, siku mia na ishirini. Mvua za hapa hazijapata kuvuka siku tisini. Mtoto atashiba na akiba itabaki. Nitatoa kopo moja kila baada ya siku kumi. La kwanza nimelitoa leo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Shule imefungwa, upepo umeng'oa paa la madarasa mawili. Nimeamua kumfundisha Chiriku mwenyewe, mezani, saa tatu hadi saa tano za asubuhi. Tarakimu tupu anazimudu. Ukizivika maneno tu, anatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe.

Leo nilimwandikia: "Mafundi wanne hujenga ukuta kwa siku sita. Mafundi wanane watajenga ukuta huo huo kwa siku ngapi?"

"Babu, wale wanne wa kwanza wameenda wapi?"

"Hawajaenda popote. Jibu swali."

"Kama hawajaenda, si wote watakuwa kumi na wawili?"

"Wanane, Chiriku. Wanane tu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Katika hesabu hainyeshi."

Akacheka mpaka akaangusha kalamu. Mwishowe aliandika "3". Nikampa sifuri. Jibu la hesabu ya maneno ni sentensi kamili, yenye kiima, kiarifu na kipimo. Tatu nini? Siku, mbuzi, au vifungo vya shati? Aliandika upya: "Mafundi wanane watajenga ukuta huo kwa siku tatu." Hapo nikampa vema.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Nimetoa kopo la pili. La kwanza limeisha leo leo, asubuhi. Hesabu haidanganyi.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Daraja limekatika alfajiri. Mnara wa simu nao umelala chini upande wa pili wa kilima. Tangu leo hatuna habari za mwanangu, wala yeye hana zetu. Nimewaambia wasiwe na wasiwasi, tumejipanga.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Kopo la tatu.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Mtumbwi wa serikali ulivusha unga wa msaada kabla mto haujafura zaidi: magunia ishirini na manne kwa nyumba kumi na mbili za mtaa wetu. Wazee waliniita nigawe. Mmoja alishasema, "Mawili mawili, tukalale."

Jirani yetu mshonaji, mwanamke ambaye ulimi wake una makali kuliko mkasi wake, alisimama akiwa na futi ya kupimia shingoni. "Mawili mawili! Nyumba ya watu tisa na nyumba ya kikongwe na paka wake zipate sawa? Paka ana meno mangapi?"

Alikuwa na haki. Nilihesabu vichwa: sabini na viwili. Kila kichwa kilipata theluthi ya gunia. Watu waliridhika na mimi niliridhika. Ila mshonaji hakukosa la kuongeza.

"Na kichanga cha kwako, Mwalimu, nacho ni kichwa? Kitatafuna unga kwa ufizi?"

"Kichwa ni kichwa."

"Haya. Lakini kichwa cha leo si cha kesho. Mimi nikimshonea mtoto, naacha pindo la vidole vinne. Wewe hesabu zako zina pindo?"

Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba hesabu si gauni. Wakacheka tena, na niliona nimeshinda.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Kopo la nne. Mkaza mwanangu alilipokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Ni mtu wa heshima, lakini ana woga wa kuku mgeni. Ukimsemesha anatazama miguu yako. Sijui mwanangu alimpendea nini.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Somo la leo lilitoka stoo, ili Chiriku aone kwamba hesabu ni maisha. "Kopo moja la maziwa hutosha mtoto mmoja siku kumi. Makopo matatu yatamtosha mtoto huyo siku ngapi?"

"Mtoto mwenyewe ana umri gani, babu?"

"Swali halikusema."

"Kama anakua je?"

"Usiongeze maneno yasiyo katika swali. Nusu ya makosa ya wanafunzi hutoka hapo."

Akaandika: "Makopo matatu yatamtosha mtoto huyo siku thelathini, kama hakui." Nilikata yale maneno ya mwisho kwa kalamu nyekundu na kumnyang'anya nusu alama.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mkaza mwanangu alikuja barazani nikisoma.

"Baba, maziwa inawahi kuisha siku hizi."

"Yanawahi," nilimsahihisha.

"Yanawahi, baba. Yameisha leo."

Leo ni siku ya nane. Nilimwuliza kama anasawazisha kijiko kwa kisu au anakirundika. Akasema anasawazisha. Nikamwuliza kama anamwaga. Akasema hamwagi. Basi maziwa yamekwenda wapi? Nilimweleza kwa upole kwamba nikivunja ratiba mara moja kwa huruma, nitaivunja mara ya pili kwa mazoea, na mwezi wa sita mtoto atalia hana kitu. Kopo la tano ni tarehe kumi na tatu. Akasema, "Sawa, baba," akarudi jikoni.

Siku tatu hizi atampa mtoto maji ya mchele. Watu walilelewa kwa maji ya mchele kabla makopo hayajabuniwa.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Mtoto analia. Mvua inanyesha. Kati ya hivyo viwili sijui kipi kina kelele zaidi.

Asubuhi nilimkuta Chiriku na mama yake jikoni, vichwa vimeinamia daftari. Walinyamaza nilipoingia. Nilifurahi kuona mama anajali masomo ya mwanawe.

Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Kopo la tano, kwa siku yake.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Wamekwenda zahanati kupima uzito. Muuguzi amesema mstari wa mtoto kwenye kadi umelala. Tangu mara ya mwisho hajaongezeka hata nusu kilo. Alimwuliza mama kama mtoto anakunywa vizuri. Akajibu kwamba anamaliza chupa yote, tena chupa kubwa. Muuguzi akaagiza warudi baada ya wiki mbili.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwembamba utotoni.

Jumanne, tarehe 23 Aprili

Kopo la sita. Kopo la tano limefika siku ya kumi bila kuwahi kuisha. Nilimsifu mkaza mwanangu mezani. Nilimwambia, "Umeona? Nidhamu tu." Aliinuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Mtoto ametulia siku hizi. Halii sana. Ratiba imemkaa.

Jumatano, tarehe 1 Mei

Ilikuwa siku ya zahanati. Maji yameingia hadi kizingitini, wamefunga kwa wiki mbili. Mtaro wa mbele ya nyumba yetu umezibuliwa kwa jembe la mshonaji, si langu, mgongo haukubali.

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Kopo la saba.

Mshonaji alileta kikoti cha mtoto alichoshona kwa mabaki ya vitambaa. Alikikata kwa kukisia mtoto wa miezi mitatu. Kimempwaya. Alimshika mtoto, akampima mkono kwa vidole viwili, akanitazama.

"Mwalimu, huyu anakula?"

"Anakula kwa saa."

"Sikuuliza saa."

"Mama yake atakwambia."

Mama yake alikuwa anakunja nguo. Alisema, "Anamaliza chupa, dada." Mshonaji aliutazama ufunguo wangu uliofungwa kwa kamba kiunoni. "Unaning'inia kama wa bwana jela," alisema, na safari hii hakucheka. Nilimwona hana adabu. Nimeandika hapa ili ibaki kwamba nilimwona hana adabu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Chiriku haongei tena darasani. Anaandika sentensi zilizonyooka, nukta mahali pake, na hacheki. Jana ningesema ni maendeleo. Leo nimekumbuka swali lake la mafundi wanne na nikatamani aniulize jingine la namna ile. Hakuuliza.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Kopo la nane.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Leo nimetoka nje ya mpaka wangu na nimeaibika.

Nilimpa swali jepesi, la kupumzisha akili. "Chupa yenye vipimo vitatu vya maji huchukua vijiko vitatu vya maziwa. Chupa yenye vipimo vitano vya maji huchukua vijiko vingapi?" Mtoto wa darasa la tatu angelijibu akiwa anaruka kamba.

Aliandika: "Chupa yenye vipimo vitano vya maji huchukua vijiko vitatu."

Sentensi sahihi, jibu si sahihi. Nilimwambia atafute cha moja kwanza. Akakitafuta: kipimo kimoja, kijiko kimoja. Aliandika hivyo, vizuri kabisa. Kisha chini yake, tena: "Chupa yenye vipimo vitano vya maji huchukua vijiko vitatu."

"Chiriku, tano mara moja ni ngapi?"

"Tano."

"Basi vijiko vingapi?"

"Vitatu."

Nilidhani ananichezea. Nilimwamuru aandike jibu sahihi mara ishirini. Aliandika mara ishirini lile lile, vijiko vitatu, mstari chini ya mstari, bila kufuta hata neno. Nilipiga meza kwa rula hadi rula ikavunjika. Miaka thelathini na minane sikuwahi kuvunja rula. Mama yake alikuja mlangoni, mtoto begani, akasimama pale na mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kusema. Nilimwuliza anataka nini. Akasema, "Hakuna, baba."

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la zahanati. Wamefungua tena leo.

Asubuhi saa moja nilisikia mkaza mwanangu akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeukia juu, kisha akalegea kama kitambaa kilicholowa. Tulimfunika na kutoka. Mshonaji alituona akaacha cherehani yake, akashika mwavuli juu yao njia nzima na yeye akalowa. Chiriku alitufuata, sikumrudisha.

Muuguzi alimpokea, akampima, akamtoboa kisigino kupima damu, akafanya aliyoyajua. Alisema mtoto anahitaji hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Akatuma mtu kutazama mtumbwi. Kisha akamwambia mama, "Dada, hebu nionyeshe unavyomchanganyia."

Alimpa chupa safi, maji yaliyochemshwa na kopo. Mkaza mwanangu alijaza maji hadi mstari wa tano. Akachota kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kisu. Cha pili. Cha tatu. Akafunika kopo.

"Endelea," alisema muuguzi.

"Nimemaliza."

"Hivyo ndivyo vyote? Vitatu?"

"Vitatu."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tatu mwezi uliopita. Kwanza kwa mistari minne, sasa kwa mitano. Alikuwa halali kwa njaa. Niliongeza maji ili tumbo lijae."

Muuguzi hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Haya ni maji meupe, dada. Nani kakufundisha?"

Mkaza mwanangu hakunitazama. Angeweza kunitazama, au kunyoosha kidole. Ilikuwa haki yake. Alitazama chupa. Aliyenitazama ni Chiriku, kutoka mlangoni, na hapo niliisikia sentensi yake kichwani, na kiima chake, na kiarifu chake, na nukta yake. Mara ishirini na mbili aliniandikia ukweli kwa mkono wake, nami nikavunja rula.

Muuguzi aliligeuza kopo na kunionyesha jedwali. Lina mistari mitatu. Mwezi mmoja, vijiko vitatu. Miezi miwili, vinne. Miezi mitatu, vitano. Mimi nilisoma mstari mmoja, ule wa umri wake wa siku ile, nikaufunga ndani ya stoo pamoja na makopo. Niliwahesabu watu wote wa nyumba yangu, na mmoja wao nikamhesabu kama gunia, kitu ambacho ukikiacha Machi utakikuta vile vile Mei.

Mtu aliyetumwa mtoni amerudi. Mtumbwi hauwezi kushuka. Maji yanabeba miti mizima.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Muuguzi anampa maziwa ya kweli kwa kijiko, kidogo kidogo. Amesema mwili uliozoea njaa hauwezi kurudishiwa kila kitu kwa mara moja. Mtoto amefungua macho mara mbili. Nilirudi nyumbani mbio, kwa kadiri miguu yangu inavyokimbia, nikaleta makopo yote manne yaliyobaki. Muuguzi aliyatazama, akasema, "Moja lilitosha, mzee."

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Amefariki saa nne asubuhi.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Tumezika. Mvua.

Jumatano, tarehe 22 Mei

Sijui kufanya jambo jingine, nimefanya hesabu.

Machi, tangu tarehe nne: siku ishirini na nane, vijiko kumi na vinane kwa siku. Mia tano na vinne.

Aprili: siku thelathini, vijiko ishirini na vinne kwa siku. Mia saba na ishirini.

Mei: siku thelathini na moja, vijiko thelathini kwa siku. Mia tisa na thelathini.

Jumla, vijiko elfu mbili mia moja hamsini na vinne. Makopo kumi na mawili yana vijiko elfu mbili mia moja na sitini.

Yalitosha. Mtoto aliyekua, akinywa kila alichostahili, yangemfikisha siku ya mwisho ya Mei, na vingebaki vijiko sita.

Nimerudia mara nne. Nimetafuta kosa kama mtu anavyotafuta pete kwenye matope. Hakuna kosa.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Makopo manne nimeyaacha zahanati kwa atakayehitaji. Nilimwomba muuguzi ruhusa, nikaandika lile jedwali ukutani kwa herufi kubwa, mistari yote mitatu. Mshonaji alishika kiti nilichosimamia. Hakusema kitu chochote, na kwake yeye huo ni ukarimu.

Jioni nilifungua kamba kiunoni nikampelekea mkaza mwanangu ufunguo. Alikuwa anafua kile kikoti.

"Chukua, mwanangu. Stoo ni yako."

"Weka popote tu, baba."

Niliutundika kwenye msumari karibu na mlango. Nikamwambia kwamba tarehe kumi Aprili alikuja kuniambia maziwa yameisha, nami nikamsahihisha maneno badala ya kumsikiliza. Aliendelea kufua. Alisema, "Nilikuwa nakuogopa, baba. Nilidhani mtu anayejua hivyo hawezi kukosea." Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimesimama penye kamba ya nguo.

Nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na miwili. Niliandika kwamba ana woga wa kuku. Pale zahanati palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kunitaja, naye alinisitiri. Sijui mimi ningefanya hivyo.

Alhamisi, tarehe 30 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Ng'ambo wanafunga daraja la chuma.

Jumamosi, tarehe 1 Juni

Lori la kwanza limevuka saa tano. Mwanangu alishuka nalo, tope hadi magotini, kopo la maziwa kwapani. Nilikuwa nimejipanga kumpokea barabarani ili asikie kwangu. Alinipungia mkono kutoka mbali na kupaza sauti, "Vipi, baba! Yametosha?"

Nimekaa na sentensi hii mezani tangu mchana, siwezi kuandika niliyomjibu.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Shule inafunguliwa kesho. Nilimwomba Chiriku daftari lake nilirudie.

Tulikaa mezani, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilianza na ile ya tarehe sita Aprili. Nilirudisha maneno niliyoyakata, "kama hakui", na nikampa alama kamili. Nikaja kwenye ile ya chupa. Kila palipokuwa na alama nyekundu ya kosa niliweka vema juu yake, mara ishirini na mbili, na chini nikaandika: "Mwanafunzi aliandika alichokiona. Mwalimu hakusoma." Alinitazama nikiandika, kidevu juu ya ngumi zake.

Nilipofungua ukurasa wa nyuma kabisa nilikuta hesabu ambayo sikuwahi kumpa. Tarehe kumi na mbili Aprili. Alikuwa ametunga swali mwenyewe, kwa maneno:

"Kopo moja lina vijiko 180. Babu hutoa kopo moja kwa siku 10. Mtoto hunywa chupa 6 kwa siku. Mama aweke vijiko vingapi katika kila chupa ili mtoto asikose siku hata moja?"

Chini yake, kazi safi. Mia na themanini kugawanya kwa kumi, kumi na nane. Kumi na nane kugawanya kwa sita, tatu. "Jibu: Mama aweke vijiko vitatu katika kila chupa."

Ni hesabu bora kuliko zote alizofanya msimu huu. Alitafuta cha moja kwanza.

"Hiyo usiisahihishe, babu," alisema. "Hiyo nilikosa."

"Hukukosa."

"Nilikosa. Mama aliniuliza, nikampigia hesabu, nikamwambia vitatu."

"Swali ndilo lilikuwa bovu, Chiriku. Aliyesababisha liulizwe ni mimi."

"Lakini aliyejibu ni mimi."

Nje mama yake alikuwa anaanua nguo. Nilisikia vibanio vikidondoka ndooni kimoja baada ya kingine. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba jambo hili kwa siku hamsini na mbili, na mimi nilikuwa nikimkagulia nukta.

"Jibu lake lilikuwa lipi?" aliuliza. "Lile la kweli."

Nikasema, "Mama angekuja kwangu akaniambia, 'Baba, mtoto amekua, nipe kopo jingine.'"

"Ungempa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini tarehe kumi Aprili iko katika shajara hii, kwa mwandiko wangu, na siku ile alikuja.

"Nisingempa," nilimjibu.

Chiriku alipitisha kidole juu ya ile mistari, mia na themanini, kumi na nane, tatu. Kisha akalivuta daftari taratibu kutoka chini ya mkono wangu na kulifunga.

"Basi ilikuwa sahihi," alisema, akainuka kwenda kumsaidia mama yake kuanua nguo.